Nimerekodi mada zangu za Zoom, mbona hakuna anayezisikiliza?

"Habari za kazi, kaka. Mimi ni bibi shamba wa kata moja huku Nachingwea. Tangu mwaka jana naendesha mada za mtandaoni kwa wakulima wa korosho, mara moja kwa mwezi, kwa Zoom, maana kata ni kubwa na pikipiki haina mafuta kila siku. Wanaingia watu hamsini, sitini, lakini nikifika katikati wamebaki kumi na tano. Akaunti yetu ni ya bure, kwa hiyo tunakatwa na kuingia tena mara mbili. Mwenzangu akanishauri nirekodi, nigeuze podikasti, ili wasioingia wasikilize baadaye. Nimeunganisha vipande na kupakia rekodi tatu, kila moja saa moja na nusu. Hakuna anayezimaliza. Wanasema sauti inakatika, wengine wanasema hawaelewi ninapozungumzia picha. Nimeona maiki ya laki nne Dar na nimeanza kuweka akiba. Nikiinunua, tatizo litaisha? Na je, podikasti inawafaa kweli wakulima wetu, au najisumbua?"

Dada yangu, hiyo laki nne iache kwanza ilipo. Swali lako limefunga mambo mawili kwenye fundo moja: kwa nini watu wanaondoka mada ikiwa inaendelea, na kwa nini rekodi yake haisikilizwi hata na mwenye hamu nayo. Kila moja lina dawa yake. Maiki nzuri haigusi kabisa lile la kwanza, na la pili inaligusa kidogo tu. Nafanya kazi ya sauti hapa Mtwara, nilianzia redioni kama fundi mitambo, na rekodi ninazoletewa na walimu, wauguzi na watu wa ushirika karibu zote zinaumwa ugonjwa huu huu wa kwako. Unatibika.

Nianze na kukatika kwa sauti, maana hapo ndipo hela za watu wengi zinapotelea. Unapozungumza kwenye Zoom, programu inaikatakata sauti yako vipande vidogo sana, kwa kawaida hamsini hivi katika sekunde moja, na kila kipande kinasafiri peke yake mpaka kwenye simu ya msikilizaji. Mazungumzo ya moja kwa moja hayawezi kusubiri. Kipande kikichelewa kwa sababu mnara umeelemewa, simu ya msikilizaji inakitupa na kuendelea na kinachofuata, kwa sababu ikikaa kukingoja mazungumzo yote yatabaki nyuma. Vikipotea viwili vitatu mfululizo, "salfa", ile dawa ya mikorosho, inafika "sa…a". Kilichotupwa njiani hakimo kwenye rekodi. Hakuna programu ya kusafisha sauti itakayokirudisha, hata wauzaji waseme nini, na maiki ya laki nne ingekatwa vipande vile vile na kupotea vile vile.

Kuna jambo dogo hapa wengi hawalijui. Kompyuta inayorekodi inaichukua sauti ya aliyekaa mbele yake moja kwa moja kutoka kwenye maiki, kabla haijasafiri popote. Za wengine inazichukua zikishafika. Kwa hiyo kama rekodi inafanyika kwenye laptopu yako, wewe utasikika mzima na wageni wako watakatika. Kama mwenzako wa mjini ndiye anayekurekodia na wewe uko kata, wewe ndiye unayekatika. Sikiliza tena zile rekodi zako tatu uone ni nani hasa anakatika. Utajua pa kuanzia.

Sasa angalia upande wa pili. Faili la sauti ambalo mtu analipakua halina haraka hiyo. Kipande kikipotea njiani, simu inakiomba tena, na tena, mpaka kifike. Inaweza kuchukua dakika tano, inaweza kuchukua nusu saa mtu akiwa amekaa chini ya mwembe anasubiri, lakini kinachofika ni kizima. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota, mkutano wa moja kwa moja ulikuwa mateso matupu. Aliyekuwa na faili kwenye simu yake alilisikiliza kama kawaida. Kwa hiyo hujisumbui, dada. Kwa mahali penye mtandao wa kubahatisha, podikasti inafaa kuliko Zoom yenyewe. Ila rekodi ya mada bado ni korosho ghafi. Kiini kimo ndani, lakini ganda lina mafuta yanayounguza, na hakuna anayemkaribisha mgeni kwa korosho ya ganda. Inataka kubanguliwa.

Kabla ya kubangua, tuitengeneze mada yenyewe, kwa sababu mada mbovu haizai kipindi kizuri.

Akaunti ya bure ya Zoom inakata mkutano wa watu wengi ukifika dakika 40. Wewe umeichukulia kama kero ya kuzungukwa kwa kuingia tena. Mimi ningeifanya ndiyo ratiba yangu. Kila mnapokatwa unamwambia mkulima afungue linki upya, asubiri, atumie bando jingine, na anayefanya hivyo ni yule aliyekuwa na shida kubwa tu. Nina hakika sehemu nzuri ya wale unaowapoteza unawapoteza pale pale kwenye mlango. Panga mada ya dakika 35: ishirini zako, kumi na tano za maswali. Ikibaki nyingine, fanya wiki ijayo.

La pili ni kamera. Kwa vipimo vinavyotolewa na Zoom yenyewe, video ya kawaida inatumia kilobiti 600 hivi kwa sekunde, yaani karibu MB 270 kwa saa kwa upande wa kupokea tu. Sauti peke yake inatumia kilobiti 60 mpaka 80, yaani MB 27 hadi 36 kwa saa. Ukimwonesha mkulima wa Liwale sura yako kwa saa nzima, umemlia bando la siku kadhaa. Washa kamera dakika mbili za mwanzo wakuone ni wewe, wasalimie, kisha izime na uwaombe nao wazime. Sauti itatulia papo hapo, maana njia imepata nafasi. Picha zako za magonjwa zitume mapema kwenye kundi la WhatsApp, zikiwa na namba kubwa juu yake: picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Anayeshindwa kuziona kwenye Zoom anazo mkononi.

Tafuta msaidizi mmoja. Hili nalisema kwa uzito. Mtu mmoja hawezi kufundisha, kupokea wanaoingia, kuzima maiki ya aliyesahau mtoto analia, na kusoma maswali yanayoandikwa. Kijana yeyote wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anayejua simu anatosha. Kazi yake ya kwanza ni kuzima maiki za wote wakati unazungumza. Ya pili ni kukuletea maswali kwa mafungu badala ya moja moja. Na wakati wa maswali, simu mbili zikiwa chumba kimoja na zote zina spika wazi, zitapigiana mwangwi mpaka masikio yaume. Msaidizi amwambie mmoja avae iafoni au atoke nje.

Anza na swali la mkulima, usianze na utambulisho wa wizara, halmashauri, idara na kitengo. Mtu aliyeacha chai yake kuja kukusikiliza anataka kusikia ndani ya dakika moja kwamba amefika mahali pake. "Wiki hii nimepita mashamba manne, na kwenye matatu nimekuta maua yameanza kuwa na unga. Leo tunaangalia nini cha kufanya kabla haujapanda mti mzima." Hapo hata mimi nisiye na mkorosho nimebaki.

Saa nayo ina maana. Saa mbili na robo usiku, baada ya Isha, ni wakati mzuri kwa miezi mingi. Lakini msimu wa kupuliza ukianza, Juni na kuendelea, mkulima anaamka alfajiri sana ili apulize salfa kukiwa na umande na upepo umetulia. Usiku huo hayuko na wewe, na usimlaumu. Miezi hiyo ndiyo ya kutegemea podikasti zaidi: fanya mada zako Aprili na Mei, utoe vipindi Juni na Julai, asikilize mchana akiwa kivulini.

Sasa kurekodi. Hapa nitakaa kidogo.

Njia ninayoiamini ni kila mzungumzaji mkuu ajirekodi mwenyewe pale alipo. Wewe unaendesha Zoom kwenye laptopu. Pembeni unaweka simu ya pili, imewekwa hali ya ndege, inarekodi sauti yako tu kwa programu ya kawaida ya kurekodi. Mgeni wako, tuseme mtafiti, anafanya hivyo hivyo kwake, kisha anakutumia faili usiku mtandao ukiwa mwepesi. Mwanzoni kabisa hesabu "moja, mbili, tatu" na wote wawili mpige kofi moja. Kofi hilo linaonekana kama mwiba kwenye picha ya sauti, na baadaye unaviweka viwili sambamba kwa kulinganisha miiba. Angalizo: kama mgeni anatumia simu moja kwa Zoom na kurekodi kwa wakati mmoja, simu nyingi hazikubali programu mbili zishike maiki pamoja, mtamaliza saa nzima na kukuta faili la ukimya. Anahitaji simu ya pili, hata ya kuazima kwa jirani. Ikishindikana, Zoom ya kwenye kompyuta ina sehemu katika mipangilio ya kurekodi inayoruhusu kuhifadhi sauti ya kila mshiriki kwenye faili lake. Iwashe. Haitazuia kukatika, lakini itakuwezesha kuondoa kikohozi cha mmoja bila kumgusa mwingine.

Mkutano ukiisha, Zoom inachukua muda kuigeuza rekodi iwe faili la kawaida. Usifunge laptopu wala kuizima kabla haijamaliza. Nilipoteza mada nzima ya mama mmoja mkunga, mtu aliyesafiri kuja kuzungumza, kwa sababu umeme ulikatika dakika hiyo na betri ya laptopu ilikuwa imekufa siku nyingi. Hakuwa na nafasi ya kurudia. Tangu siku hiyo sirekodi kitu chochote kwenye kifaa kimoja, na nakuomba nawe usifanye hivyo.

Maiki, basi. Ile iafoni ya waya iliyokuja na simu yako inatosha kuanzia, mradi haifiki kwenye kola ya nguo wala kugusana na mkufu. Epuka iafoni zisizo na waya kwa kurekodi: nyingi, zikitumika kama maiki, hushusha ubora wa sauti uwe kama wa simu ya zamani, na ndiyo maana msikilizaji anasema unazungumzia kwenye debe. Umbali una nguvu kuliko bei. Ukiisogeza maiki mara mbili ya umbali ulioanza nao, sauti yako inayofika inapungua nguvu kwa kiasi kikubwa, lakini mwangwi wa chumba unabaki pale pale, kwa hiyo chumba ndicho kinachosikika. Weka shubiri moja kati ya mdomo na maiki, kidogo pembeni ili "p" na "b" zisipulize moja kwa moja.

Na chumba chenyewe: ofisi nyingi za kata zina sakafu ya saruji, kuta tupu na bati juu. Sauti inagonga na kurudi. Chumba cha kulala chenye godoro, kapeti na nguo zilizoning'inia ni bora kuliko ofisi. Sehemu nzuri kuliko zote niliyowahi kurekodia huku Kusini ilikuwa ghala la AMCOS, katikati ya rundo la magunia ya korosho. Magunia yanaimeza sauti kabisa. Nilipoisikiliza nyumbani nilidhani niko studio. Tulikaa kwenye viti viwili vya plastiki, magoti karibu yagusane, magunia yamepanda kuliko vichwa vyetu pande tatu. Kama una ufunguo wa ghala na mzigo bado haujaondoka, nenda kakae humo. Mvua ikianza kwenye bati, hapo huna la kufanya ila kusubiri.

Tukija kwenye kubangua, kuna njia tatu, na nitakuambia ukweli wa kila moja. Ya kwanza ni uliyofanya: kupakia kama ilivyo. Haichoshi, na haisikilizwi. Saa moja na nusu kwa kiwango cha kilobiti 128 ni karibu MB 86, na ndani yake mna "mnanisikia?" nyingi kuliko ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga kwenye maua. Ya pili ni kuhariri rekodi: kukata salamu, matangazo, kusubiriana, na kubakiza kiini. Inafanya kazi, ila kwa mtu anayeanza, kuhariri saa moja kunaweza kula siku nzima. Ya tatu ni kuisikiliza rekodi ukiwa na kalamu, kuandika hoja zilizowagusa watu, kisha kukaa na kuzisema upya kwa dakika kumi, ukichomeka sauti za wakulima wawili watatu waliouliza maswali mazuri. Wewe una kazi ya mashamba. Nakushauri hii ya tatu, bila kusita. Mada inakuwa kama mazoezi yako mbele ya watu; podikasti ndiyo unayosema ukishajua walipokwama.

Njia hiyo ndiyo pia inayotibu lile la picha. Kwenye Zoom ulisema, bila shaka, "kama mnavyoona hapa, hili limeathirika sana, tofauti na hili." Anayesikiliza yuko kwenye baiskeli kuelekea shambani, haoni hapa wala hili. Sasa lieleze ua hilo kama unamweleza mtu kwenye giza: "Shika shada la maua. Kama lina ubwiriunga utaona limefunikwa unga mweupe, kama mtu amelinyunyizia sembe. Lipitishe kati ya vidole. Vidole vinabaki vyeupe. Maua yenyewe yamekauka rangi ya kahawia na hayatafunga korosho." Umetumia macho, mkono na matokeo, na msikilizaji akifika shambani atalitambua bila picha. Fanya hivyo kwa kila slaidi. Slaidi isiyoweza kusemwa kwa namna hiyo, kwa mfano namna ya kubebesha mche wa mkorosho au kupogoa matawi, usiilazimishe iwe podikasti. Hiyo ni kazi ya video fupi au ya kukutana shambani.

Kata pia vitu vinavyooza. Bei ya mnada wa wiki iliyopita, tarehe ya kikao, pembejeo zinafika lini: hivyo ni vya kutangaza kwenye kundi, visiingie kwenye kipindi ambacho mtu atakisikiliza miezi minane baadaye. Taja mwezi na mwaka mwanzoni ili ajue kipindi ni cha lini. Na vipimo vya dawa, tafadhali, visome kutoka kwenye maandishi, usivikumbuke. Ukikosea kwenye Zoom kuna mtu atakurekebisha. Ukikosea kwenye faili, kosa linasafiri kutoka simu hadi simu na huwezi kulifuata. Viwango vyovyote usivyo na uhakika navyo wapitishie TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, kabla hujarekodi. Wako hapa hapa Mtwara na utafiti wa korosho ndiyo kazi yao.

Kwa programu, Audacity ni ya bure na inatosha kwa yote haya. Usicheze na vitufe vingi. Ondoa mvumo wa chini kidogo tu, maana ukizidisha sauti yako itakuwa kama ya mtu aliyezama majini. Sawazisha ukubwa wa sauti iwe -19 LUFS (hicho ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa sauti ya njia moja, yaani mono. Kisha toa MP3 ya njia moja, kilobiti 64 kwa sekunde. Dakika kumi zinakuwa karibu MB 5. Nasisitiza MP3, kwa sababu faili la sauti la Zoom huja kwa muundo wa M4A na simu nyingi za kitochi hazifungui huo. Lipe jina linaloanza na namba: "01 Ubwiriunga kuutambua", "02 Ubwiriunga kupuliza". Kwenye simu ndogo jina la faili ndilo tangazo pekee unalopata.

Wapi pa kuweka? Watu wanadhani podikasti ni Spotify. Podikasti ni orodha iliyoko mtandaoni ambayo programu za kusikilizia huiangalia kila mara kuona kama kuna kipindi kipya, na huduma kama ile ya Spotify ya watengenezaji inakutengenezea orodha hiyo bure. Iweke huko, ni vizuri. Watoto wa wakulima walioko Dar watasikiliza na kuwapigia wazazi. Utahitaji picha ya mraba ya utambulisho, angalau pikseli 1400 kwa 1400. Lakini msikilizaji wako wa kwanza yuko kwenye kundi la WhatsApp, na wa pili yuko kwa karani wa AMCOS, ambaye anaweza kuweka vipindi vyote kwenye memori kadi na kuwahamishia watu siku ya kupeleka mzigo. Hesabu watu hao ndio hadhira yako, hata kama hawaonekani kwenye takwimu za programu yoyote.

Kuna jambo la watu ambalo hukuliuliza. Sauti ya mtu ni yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023, na hata bila sheria ni adabu tu: sema mwanzoni kwamba mnarekodi na kwamba sauti inaweza kutumika kwenye kipindi, na asiyependa aandike swali lake badala ya kulisema. Mkulima akilalamika kwa jina kuhusu kiongozi wa chama chake, au akitaja deni lake, kata kipande hicho hata kama kinasisimua. Wewe utahama kata. Yeye atabaki pale pale. Muziki wa kufungulia kipindi usiuchukue kwa msanii yeyote bila ruhusa, hata mwanafunzi wa shule anayepiga ngoma muombe na umtaje. Tena, wewe ni mtumishi wa halmashauri. Pata kibali cha mkurugenzi kwa maandishi kabla vipindi havijabeba cheo chako. TCRA, mamlaka ya mawasiliano, nayo ina kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2020 ambazo zimefanyiwa marekebisho baadaye. Waulize wao moja kwa moja kama mpango wako unahitaji leseni, usitegemee maneno ya mtaani, yakiwemo ya kwangu.

Kuna mahali ambapo maandishi haya hayafiki. Kama kwenye rekodi yako unasikia mngurumo wa chini usiokatika kila laptopu inapokuwa kwenye chaji, rekodi ukiwa umechomoa chaji. Mngurumo ukiendelea hata hapo, au wewe ukiwa unapigwa shoti kidogo ukigusa bodi ya laptopu, acha kuitumia kwenye soketi hiyo na uite fundi umeme aangalie waya wa ardhini. Hilo ni suala la usalama wako kabla ya kuwa la sauti. Kama sauti zimepasuka kwa kuwa maiki ilikuwa juu mno, peleka faili kwa fundi wa redio ya jamii iliyo karibu nawe. Wenye redio hizi, kuanzia Jamii FM hapa Mtwara hadi Newala FM, wanaishi kwa kutafuta vipindi vya wakulima, na mtu mwenye mada zilizo tayari ni mgeni wa heri kwao. Omba ukae na fundi nusu siku umwone anavyokata. Utajifunza kuliko video ishirini. Na Nanenane ikifika, pale Ngongo Lindi, tembelea mabanda ukiwa na simu na iafoni yako. Watafiti wote unaowahitaji kama wageni wanakuwa mahali pamoja.

Zile rekodi tatu usizifute. Zishushe tu zisiendelee kuonekana. Chukua ile ambayo maswali yalikuwa mengi zaidi, isikilize jioni moja ukiwa na daftari, andika dakika ambayo kila swali zuri limeanza. Ukipata maswali manne yanayosikika vizuri, una vipindi viwili vya dakika kumi. Rekodi cha kwanza, kisha kabla ya kukipakia popote mpe mkulima mmoja asiyewahi kuingia Zoom yako akisikilize mbele yako kwenye simu yake mwenyewe, na umwangalie usoni: atakapoishusha simu sikioni au kuuliza "amesemaje?", andika dakika hiyo. Nitumie faili hilo pamoja na hizo dakika. Nitalisikiliza lote na kukuambia nini cha kurudia.